Kijani cha Kwenye Picha

Mama hakupata usingizi. Mumewe alikuwa amehamishia ng'ombe wote bonde la mbali, kwa kuwa picha za setilaiti zilionyesha kijani kizuri huko, na tangu juzi simu yake haikupatikana.

Aliyesoma picha hizo ofisini ni binti yao. Kazi yake ni kukadiria ubora wa malisho kwa kompyuta, kisha kwenda kukata majani yenyewe na kuyapima, maana picha huona rangi tu. Safari hii hakwenda. Mama ndiye aliyemzuia: "Wiki nzima porini peke yako, mwanangu? Andika vipimo vya mwaka jana. Nani atajua?"

Kulipokucha baba aliingia na fimbo yake, bila ng'ombe.

"Shikamoo baba. Ng'ombe wako wapi?"

"Wamekufa kwenye kijani chako, msomi. Ni magugu ya sumu bonde zima. Walifika na njaa, wakayafakamia. Uliyakata ukayapima?"

Binti alimtazama mama yake. Mama aliinama, akaanza kupanga viatu vilivyokuwa vimepangika tayari.

"Sikwenda, baba."

"Basi toka kwangu."

Alimsukuma nje, akafunga mlango, akampa mkewe ufunguo.

"Mama, mwambie," binti alisema kutoka nje, kwa sauti ya chini. "Mwambie tu."

Baba alimgeukia mkewe. "Uniambie nini?"

"Hata sijui," mama alisema, na ufunguo akautia mfukoni.