Kope zangu na daktari wa matumbo

Jamani, leo nimemfukuza daktari niliyekuwa namhitaji!

Mnajua kope zangu zimelegea mpaka padri anadhani nasinzia kwenye misa. Nilitaka zikatwe kidogo, nipendeze kwenye picha ya arusi ya binti yangu.

Shangazi akashikilia: "Nenda kwa yule Mzungu aliyempasua baba yako mdogo ngiri. Hana mfano!"

Basi nikashuka mjini kutoka kwetu Uru na lori la kahawa, mkungu wa ndizi za kumshukuru daktari mapajani. Nikakaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi.

Akapita Mhindi mmoja na mkoba. Akaniinamia usoni: "Mama, kope hizo zinakuzuia kuona?"

Nikadhani anauza miwani.

"Niache, namsubiri daktari." Nikampa mgongo.

Saa sita nikaingia. Mzungu akanitazama, akashangaa.

"Mama, mimi napasua matumbo. Kope ni kazi ya daktari wa macho. Hukumwona, yule mwenye mkoba? Ameshaondoka kwenda Tarakea. Atarudi baada ya mavuno."

Arusi ni kabla ya mavuno!

Haya, nichekeni. Lakini ningemjuaje, hata koti jeupe hakuvaa?

Na ndizi nimemwachia wa matumbo.