Tumboni mwa Njule

Siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa nimeoa karibuni, nimepewa shamba langu la kwanza hapa Junju, ubavuni mwa kile kipande cha msitu. Nilipanda mahindi, lakini kila asubuhi nikakuta mashimo, mbegu zimefukuliwa. Sikuwa na nyingine. Zikiisha, nyumba yangu changa ingelala njaa, na wakwe wangepata la kusema.

Sikumuuliza mtu. Kwenye majani makavu kando ya shamba nilizoea kumwona njule, yule mnyama mdogo wa pua ndefu na matako ya dhahabu, akichakurachakura. Nikasema mwizi ni huyu. Nikajenga uzio mfupi wa vijiti, nikaacha vipenyo viwili, kila kimoja na kitanzi chake. Kesho yake nikarudi na njule mkononi, nimevimba kichwa.

Nilimpelekea Hawe, ndivyo tumwitavyo bibi kwetu, ampike. Alimpasua tumbo, kisha akaniita.

"Njoo unionyeshe mahindi yako."

Niliinama. Tumboni mlikuwa na mchwa, sisimizi na vipande vya jongoo. Punje ya hindi hata moja hakuna.

"Mchwa hawa ndio huangusha mahindi yakikomaa," akasema taratibu. "Umemnyonga askari wako, mjukuu wangu. Na njule hukaa wawili, mume na mke. Kitanzi cha pili umekitoa?"

Sikuwa nimekitoa. Nilikimbia, nikamkuta mwenziwe amenaswa mguu, angali hai. Nikaikata kamba. Akachomoka, akapotelea msituni peke yake. Nililia, sikufichi. Hapo ndipo nilipotazama chini kwa mara ya kwanza: nyayo zote kandokando ya mashimo zilikuwa za kwale. Hawe akanigawia mbegu zake, nikapanda tena, nikawafukuza kwale mwenyewe.

Leo nakuona na waya mpya wa kutegea, eti mihogo yako imetafunwa na mkosaji umeshamjua. Mdhaniwa ndiye kumbe siye. Soma nyayo kwanza, mwanangu. Jua jirani yako anakula nini kabla hujamhukumu, na majani ya msituni usiyafagie, maana ndiyo sahani yake. Huo waya nipe mimi, nitaanikia nguo. Nawe Mungu akupe macho ya kutazama chini, na shamba lako lisikose walinzi.