Upande wa Uso wa Koko

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka mlimani na vijana wa parokia, viatu vimejaa matope, nguo zinanuka moshi. Walikuwa wamelala huko juu ya Uvira, mji wetu wa kando ya ziwa, ndani ya hema. Akanisimulia kwamba kuna uwazi mdogo katikati ya msitu, hakuna mlinzi, hakuna choo, hakuna anayekulipisha kitu. Kuna kijito tu na mawe meusi ya kupikia. Alisimulia utafikiri ni yeye aliyepagundua. Nilimsikiliza nikitabasamu, lakini moyoni wivu ulinichoma, maana mahali hapo ninapajua, na nilipagombea kabla mama yake hajazaliwa.

Rafiki yangu, sisi hatukupanda huko kwa matembezi. Ulikuwa wakati wa uasi, uhuru ukiwa bado mpya, vitenge vya sherehe havijachuja rangi. Waasi walipoingia mjini, watu wa mtaa wetu walibeba sufuria na mikeka wakashika njia ya mlima. Mama alikuwa ng'ambo, Burundi, akimuuguza mdogo wangu. Kwa hiyo nilipanda na bibi yangu, koko kama tulivyomwita, nikiwa nimeshika pindo la kitenge chake. Nilijiambia kwamba safari hii koko atakuwa wangu peke yangu. Kumbe pindo la upande wa pili lilishikwa na mtoto wa jirani.

Alikuwa wa umri wangu. Mama yake alikuwa amefariki zamani, na baba yake, karani wa forodha, alivuka mpaka kikazi asubuhi, jioni barabara ikafungwa. Koko hakungoja kuulizwa, alimchukua tu. Watu wote walimhurumia yule mtoto. Mimi sikumhurumia hata kidogo.

Tulijenga vibanda vya matawi, tukatandika majani makavu chini. Baridi ya kule sisi watu wa ziwa tulikuwa hatuijui. Mchana hatukuwasha moto, moshi usije ukatufichua. Tulipika alfajiri, ukungu ukiwa mzito, na moshi wetu ukapotelea humo. Hadi leo nikinusa bugali wa muhogo mahali penye baridi, nawasikia akina mama wakinong'ona na kijiko cha mti kikigonga sufuria taratibu.

Blanketi lilikuwa moja. Koko alilala katikati, na hapo ndipo ilipokuwa vita yangu mimi. Mtu ana uso mmoja, hawezi kuwageuzia watoto wawili. Yule wa jirani alipata uso, pumzi ya joto na hadithi zilizosemwa kwa sauti ya chini. Mimi nilipata mgongo. Nilijikohoza, nikajifanya naota vibaya, nikalalamika sikio. Mgongo ukabaki mgongo.

Koko alikuwa amebeba ndagala, dagaa wa ziwa letu, ambao hawajakauka vizuri. Asubuhi akawaanika juu ya mawe, kama tulivyowaanika mchangani kule pwani ya ziwa, akamweka yule mtoto awafukuzie ndege. Mimi nikatumwa maji. Wanawake wote wa kambi walifanya vivyo hivyo, kila jiwe likawa na samaki. Lakini jua la msituni ni la kuazima. Linachungulia kidogo linaondoka. Baada ya siku chache ndagala wakaanza kunuka, wakaota ukungu. Nilifurahi, nikiamini kwamba mlinzi wao atafukuzwa kazi. Hakufukuzwa. Akapita mama mmoja wa juu kwenye malisho ya ng'ombe, akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akatuonyesha jinsi ya kuwatundika wale wazima juu ya moto wa alfajiri. Akatuachia na kibuyu cha maziwa.

Koko akampa yule mtoto anywe kwanza. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Koko, minye njo mujukuu wako," nikasema, mbele ya watu, kwamba mjukuu wake ni mimi, si yule.

Hakukasirika. Alinivuta pembeni akaniambia polepole: "Weye iko na mimi siku zote. Huyu iko na mimi mpaka baba yake atakuja, na hatujue kama atakuja. Sasa nimugeuzie mugongo namna gani?"

Nilielewa maneno. Sikuyakubali.

Baba yake alikuja. Mapigano yalipotulia, alipanda akiuliza kambi kwa kambi, na mtoto alimrukia shingoni bila hata kuaga. Walihamia ng'ambo moja kwa moja. Jioni ile nilijilaza mapema upande wa uso, nikavuta blanketi hadi kidevuni. Koko akaja, akalala, akageukia pale palipobaki patupu. Akaniuliza kama nadhani yule mtoto amepata cha kula. Sijawahi kuona wivu kama ule, wa kuonea wivu majani makavu.

Mjukuu wangu anasema msitu wa kule sasa ni ukanda mwembamba, miti mingi imekwisha kwa makaa. Wale akina mama wa kunong'ona wamekwisha pia. Nikimweleza kwamba tulikaa pale bila hema, anafikiri tulikuwa wajasiri. Ningetoa nyumba hii yenye mabati niirudie baridi ile, hata kwa upande wa mgongo.

Koko aliishi miaka mingi baadaye. Siku zake za mwisho nilikaa kitandani kwake, nami tayari mama wa watoto. Aligeuka taratibu kutoka ukutani, akanitazama vizuri, akaniita kwa jina la yule mtoto wa jirani, akauliza kama nimekula. Wivu ule ule ukanirudia. Nikamjibu kwamba nimekula, koko, nimeshiba, ili asigeukie tena ukutani.