Mkono wa Kulia wa Shamsa

Kila asubuhi, kabla ya kuanza kulima, Shamsa hupita mpakani mwa shamba lake akikagua masale, ile mimea ya majani marefu inayotenganisha shamba na shamba. Akikuta moja limeng'olewa, hulirudishia papo hapo kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haunyooki. Aliyeuvunja ni mjomba wake, Abubakari.

Shamsa alizaliwa Mtae, kijiji kilichokaa juu ya ukingo wa mlima. Siku isiyo na ukungu, Kenya inaonekana kule chini, ng'ambo ya nyika. Baba yake alitoka huko, Taveta, akija Mtae kununua vitunguu. Alimkatia binti yake pasipoti ya Kenya angali mdogo, kisha hakurudi. Mama alipofariki, Shamsa alibaki na bibi yake, Hidaya, na kipande cha shamba bondeni ambacho mama alimwachia. Kina maji mwaka mzima. Abubakari alikitaka.

Sheria yetu inamruhusu mtoto kuwa raia wa nchi mbili. Akitimiza miaka kumi na minane, sharti aukane uraia wa nchi ile nyingine. Asipoukana ndani ya mwaka mmoja, wa Tanzania unampotea. Na asiye raia hamiliki ardhi. Abubakari alilisikia hilo redioni, akaacha kubishana. Kazi yake ikawa moja tu: Shamsa, aliyekwisha kutimiza umri huo, asifike ofisi ya uhamiaji Lushoto mpaka muda upite.

Shamsa alipojaribu kwenda mara ya kwanza, mjomba alimshusha kwenye basi kwa kumvuta ushungi, akampiga mateke palepale stendi. Mara ya pili alimsubiri njiani na waya wa umeme. Shamsa alimwamkia hata hivyo, maana ndivyo alivyolelewa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Mkenya wangu," alijibu Abubakari, na waya ukashuka. Gauni lililowa damu mgongoni.

Mara ya tatu Abubakari alimfuata hadi jikoni. Bibi alikuwa akipika maharage.

"Leta hiyo pasipoti nikuwekee," alisema Abubakari. "Miezi imebaki michache, utaihitaji kwa safari ya kwa baba yako."

"Baba yangu simjui. Shamba nalijua."

"Shamba la Watanzania hilo!"

Shamsa aliichomoa pasipoti kifuani akaisukuma katikati ya mafiga. Jalada lilijikunja, likashika moto.

"Haya," alisema. "Ukenya umeisha. Sasa utamwambia nani mimi ni Mkenya?"

Abubakari aliuona ushindi wake ukiungua mbele ya macho yake. Alinyakua mchi, akapiga. Mfupa wa mkono wa kulia ulilia kama kuni kavu. Akapiga tena, mgongoni, na Shamsa akaanguka kando ya sufuria.

"Wee mghoshi, mwanamume mzima, unaniulia mtoto!" Bibi alipiga kelele, akamrushia maharage ya moto usoni. Abubakari alitoka akinguruma, amejifunika macho.

Mkono ule haukuweza kutibiwa kijijini. Majirani walimpakia Shamsa kwenye gari la kabichi, yeye na bibi yake, wakashushwa hospitali Lushoto. Hivyo mjomba, kwa mchi wake, alimfikisha mahali alipokuwa akimzuia asifike kwa nguvu zote.

Akiwa na plasta ngumu mkononi, Shamsa aliingia ofisi ya uhamiaji kifua mbele.

"Nimeukana uraia wa Kenya. Pasipoti nimeichoma."

Ofisa, mzee mmoja aitwaye Sefania, alivua miwani.

"Umechoma kitabu, mwanangu. Uraia hauungui. Mpaka sasa wewe ni Mkenya vilevile."

Shamsa alikaa chini sakafuni. Akalia kwa mara ya kwanza tangu mchi ule.

"Inuka," alisema Sefania. "Tamko linataka kiapo, na muda bado unao. Nani kakuvunja?"

"Mjomba."

"Basi na polisi pia upite."

Shamsa alipofika mbele ya hakimu kuapa tamko lake, alipewa msahafu aushike kwa mkono wa kulia. Vidole vilivyochungulia kwenye plasta vilikuwa vimevimba, navyo akaubana. Aliapa jasho likimtoka kwa maumivu. Polisi walimweka Abubakari mahabusu. Wazee wa ukoo walimwombea, akatoka, uso una mabaka ya maharage.

Alienda moja kwa moja bondeni na panga. Shamsa alimkuta akifyeka masale.

"Mgeni hana mpaka!" alifoka.

"Nimeapa, mjomba. Mimi ni raia."

Panga liliruka, likamchana bega. Shamsa alizungusha jembe kwa mkono mmoja, mpini ukampata mjomba gotini. Alianguka ndani ya mfereji, na Shamsa akasimama juu yake, jembe likiwa limeinuliwa, damu ikimdondokea mjomba kifuani.

"Toka shambani kwangu," alisema.

Abubakari alitambaa hadi ng'ambo ya mpaka. Hadi leo anachechemea. Akipita njia ya juu, Shamsa humwamkia kutoka ndani ya masale yake, na hauachi mpini wa jembe mpaka aitikiwe.