Misumeno Minne Inayong'aa

Majuzi, katika duka moja hapa Kisarawe, misumeno ya mbao ilishushwa bei. Karani mmoja wa boma, aliyeanza useremala uani kwake, akachagua minne kwa kung'aa tu, kama anayechagua vikombe. Fundi mzee aliyesimama kando akaukunja mmoja, akauachia. Ukabaki umepinda kama mundu. Mwenye duka akatazama pembeni.

"Mwanangu, chuma hiki hakirudi. Chukua ule wenye kutu."

"Mzee wangu, niutundike ukutani na kutu ile, wageni watanionaje?"

Karani akaunyoosha wake kwa goti, akalipa. Ule wenye kutu akaununua mzee.

Wiki haikuisha, jirani yetu akafariki, zikatakiwa mbao za kufunikia kaburi. Karani akatukataza kumwita fundi, akatoka na misumeno yake yote. Miwili ikapinda, miwili ikang'oka meno, na maiti ameshaoshwa, anangoja. Ikabidi mzee aitwe. Akazikata mbao zote kwa msumeno wake wenye kutu.

Tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini, karani akaninong'oneza, "Mbao za siku hizi hazifai kabisa."

Nikashukuru kwamba marehemu hakumsikia.