Vitamini za Kutafuna

Mama aliacha kumeza vidonge mwaka ule baba alipofariki. Alisema vinamkwama kooni, na mimi niliyekuwa Dar sikuwa na namna ya kumsimamia. Daktari alishamwambia mwili wake umepungukiwa vitamini. Jirani yake wa Kimandolu, kule Arusha, akanidokeza kwenye simu kwamba siku nyingi mama anashindia chai. Ndipo nikanunua zile vitamini za kutafuna, laini kama pipi, chupa nzima, za rangi rangi na zenye ladha ya matunda. Hizi, nilijiambia, hawezi kuzikataa.

Mfamasia alinionya nisiziache juani. Siku ya safari nikazitia kwenye begi la mkononi, zisije zikaachwa pamoja na mizigo kwenye lami ya uwanja wa ndege. Lakini Februari ya Dar haikwepeki. Teksi haikuwa na kiyoyozi, tukakwama kwenye foleni, na jua likaingia upande ule ule nilioketi nimepakata begi. Nilihisi joto la chupa kupitia kitambaa, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Sikuifungua. Niliogopa kuona.

Uwanjani begi lilipita kwenye mashine, likarudishwa, likapitishwa tena.

"Dada, hili ni lako?" aliuliza askari wa kike.

"Ni langu."

"Humu kuna kitu kimoja kimegandana. Ni nini?"

"Vitamini za kutafuna. Nampelekea mama."

Akaitoa chupa, akaiinua kwenye mwanga. Vitamini zote zilikuwa zimeshikana, nyekundu ndani ya njano, donge moja limelala upande. Nikaona safari yangu yote imeyeyuka mbele ya watu waliopanga foleni bila viatu.

"Mtu mzima na pipi," alisema mwenzake wa kwenye mashine. "Mwambie aonje moja tumwone."

"Ataonjaje moja na zimekuwa ndugu?" Yule dada akaipindua chupa juu chini, akasubiri. Donge halikusogea. "Ingekuwa inamwagika tungeongea mengine. Hii haimwagiki. Pita, msalimie mama."

Nilitaka kumwambia zaidi. Kwamba mama sasa anaishi peke yake, kwamba nami chumbani kwangu watu ninaozungumza nao ni wale ninaowaandika kwenye hadithi zangu. Lakini nyuma yangu mtu alikuwa tayari anasukuma trei yake. Nikavaa viatu.

Arusha mawingu yalikuwa yameufunika mlima hadi kiunoni. Nilipofika nyumbani niliinamisha kichwa, mama akanigusa utosini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko hamli?"

Nikampa chupa na kumweleza yaliyonikuta. Hakuhuzunika hata kidogo. Aliiweka kwenye friji mpaka jioni, kisha akalitoa lile donge, akachovya kisu kwenye maji ya moto na kuanza kuachanisha moja moja, taratibu, kama anayechambua mchele. Kila aliyoitoa aliivingirisha kwenye unga wa ngano isishikane na nyingine.

"Ona sasa," alisema. "Madonge ya chapati za panya."

Nilicheka. Yeye pia. Sikumbuki mara ya mwisho jiko lile liliposikia vicheko viwili.

Tulipomaliza kula nikamwambia achukue moja. Akanisogezea kisosi.

"Chukua na wewe."

"Ni zako, mama."

"Sasa nile peke yangu mbele ya mgeni?"

Neno hilo lilinichoma, ila nilichukua. Tukatafuna, unga ukitubaki midomoni. Ikawa hivyo kila jioni niliyokuwa pale, na hata chakula alikula, ndizi na nyama, akaongeza. Nilirudi Dar nikiamini nimeshinda.

Wiki iliyofuata nilimpigia jioni.

"Vitamini zinaendeleaje?"

"Zipo."

"Zimebaki nyingi?"

"Zipo zote. Nimezifungia kabatini, ukija tutakula."

"Mama, zile ni za kila siku."

"Najua. Ila nimekuwekea."

Kwetu asiyekuwepo huwekewa chakula chake, sahani ikafunikwa juu ya sahani. Nimewekewa hivyo tangu utoto, na kila mara nilijua kwamba kuna mtu ananifikiria. Sasa dawa yake mwenyewe ilikuwa imefunikwa kwa ajili yangu, na yeye alikuwa anashindia chai tena.

"Leo umekula nini?" nilimuuliza.

Nilisikia redio yake kwa mbali, mtu akisoma matangazo ya vifo.

"Kazitoe hizo kabatini," nilisema. "Mimi nina wali hapa, nakula sasa hivi. Kula na wewe."

"Wali na nini?"

"Maharage."

"Ya jana?"

"Ya jana."

Akaguna. Nikasikia kabati, kisha kiti kikivutwa, kisha kifuniko. Nikaiweka simu mezani, karibu na sahani, nikaanza kula wali wangu wa baridi.

"Zimekuwa ngumu," alisema mdomo umejaa.

"Tafuna polepole."

Nilimsikia akinyanyuka kunywa maji na kurudi.

"Kesho unakula saa ngapi?"

Mimi huwa sina saa. Nakula nikikumbuka, mara nyingi nimesimama.

"Saa moja," nilimwambia.

"Basi saa moja nipigie. Nitapika."