Anayekuvuta, Mupe Uzito Wako

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, siku muzee Kambale alinisimamisha mbele ya vijana wote wa kungfu ili anivunje kiburi.

Mimi masomo sikuyamaliza, vita ilinitoa kwenye primaire, shule ya musingi. Nasema vile ninavyojua. Muzee alikuwa anachonga chukudu huku Majengo, zile baiskeli zetu za mbao za kubeba mizigo, na mangaribi alitufundisha kwenye parcelle yake, kiwanja cha nyumbani, juu ya mawe meusi ya volkano. Yeye alifundishwa na Muchina mumoja aliyekuja kutengeneza barabara. Sisi tulipenda kuvunja mbao kwa ngumi tu. Siku hiyo nilikuwa nimevunja ubao munene, nikawaangalia wenzangu kama mimi ni chef wao, mukubwa wao.

 Muzee alileta chukudu yenye magunia ya makala, makaa ya kupikia, akaiachilia kwenye muteremuko. "Haya, mwenye ngumi, isimamishe!"

Nikakaza mabega, nikaikamata. Ikanibeba mpaka ndani ya ua wa jirani. Mama Kahindo akatoka na mwiko mukononi: "Muzee, leo wanafunzi wako wanapigana na maharagi yangu?" Watu walicheka, we!

Muzee aliniinua. "Unashindana na mulima? Kukaza ni nguvu moja tu. Kuna nguvu ya kuachia, na kuna ile unayoazima kwa adui. Akikusukuma, asikukute. Akikuvuta, mupe uzito wako wote. Na ukipiga, nguvu itoke kwenye kisigino, ipite kiuno, mukono unaifikisha tu."

Tangu hapo, kila mangaribi alinikamata shati na kunivuta, mpaka mwili ukaacha kubisha. Nikamulalamikia: "Muzee, hii si kungfu, hii ni dansi." Akajibu: "Basi cheza."

Ndugu yangu mukubwa, Paluku, alikuwa anatucheka. Yeye alikuwa na nguvu kunishinda mimi mbali sana. Asubuhi moja tulikuwa tunatoka Kalengera na chukudu za ndizi, vijana wawili wakatokea kwenye mahindi na mapanga. Majina yao siyafichi: Faustin na Pascal, watoto wa palepale, mama zao walikuwa wanatuuzia ndizi. Pascal alimukamata Paluku mukono. Paluku akakaza, akavuta, naye akavuta, wakabaki wanavutana hivyo, na panga ikamukuta amesimama. Ndugu yangu alikufia pale barabarani.

Mimi Faustin alinikamata shati kifuani, akanivuta kuelekea mahindi. Mwili ulikumbuka kabla ya kichwa. Nilienda naye. Nilimwangukia muzima muzima, kisigino kikasukuma, kiuno kikageuka, bega likamuingia tumboni. Akaanguka chali. Nilikimbia, sikugeuka nyuma mpaka nilipoona kambi ya askari ya Rumangabo.

Hakuna aliyewafunga. Pascal alipotelea porini. Faustin anatembea, ananenepa. Juzi nilimukuta sokoni hapa Majengo, ngumi ikajifunga yenyewe. Nikaifungua. Nikasema kwa sauti, mbele ya mama wote: "Faustin, wewe na Pascal ndio mulimuua Paluku wetu." Akaja kunisukuma kwa mikono miwili. Hakunikuta. Akapita, akaenda kupiga magoti ndani ya beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Mama muuza samaki akamwambia: "Papa, ukipiga magoti, uombe musamaha sasa!" Soko lote likamuangalia. Akaondoka na magamba kwenye suruali, na hakuna mutu aliyemusalimia.

Uchungu ninao, sikudanganyi. Lakini kila nikifunga vifungo vya shati namushukuru muzee Kambale, huko alikolala. Pumzi hii ni zawadi yake.

Basi mwanangu, wewe unayenionyesha mbao ulizovunja: ubao hauna panga, na hauvuti. Jifunze kuachia kwanza. Ngumi uitunze, lakini usiipe kazi yote. Na mwenye kosa umutaje jina lake ukiwa umesimama vizuri kwenye visigino vyako. Mungu akulinde kwenye barabara hizi zetu, na mukono wowote utakaokukamata usikukute umekaza.